Simu Isiyojua Takhmisi

Katika simu nyingi zilizowekewa lugha ya Kiswahili, mtu akitaka kumpelekea mwenzake picha, sauti au shairi hubonyeza kitufe kilichoandikwa "Shiriki". Nimekitazama kitufe hicho kwa miaka kadhaa kwa jicho la mwalimu wa sarufi, na hakijapata kunipendeza. Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo. Mtu hushiriki mazishi, hushiriki mjadala, hushiriki mashindano ya insha. Jambo lipo, naye anaingia ndani yake kwa mwili au kwa kauli. Anayenirushia picha za msiba wa Mlandizi ilhali yeye amejilaza kitandani hajashiriki kitu, ingawa simu yake inamsifu kwamba ameshiriki. Ametuma. Kama wafasiri walitaka kueleza kitendo cha kuwapa wengine sehemu ya ulicho nacho, Kiswahili kiliwawekea kushirikisha. Na kama walitaka kueleza watu wengi wakifanya jambo moja, kila mmoja akiwa na mkono wake ndani yake, kiliwawekea kushirikiana. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakilalamika kwamba mnyambuliko wa vitenzi ni mateso yasiyo na faida. Faida yake ndiyo hii.

Lingekuwa kosa dogo la tafsiri kama lingeishia kwenye neno. Ninachokiona mimi ni kwamba neno limefichua umbile la chombo chenyewe. Simu zetu zimesanifiwa kwa ajili ya kutuma: mmoja anacho, anakirusha, wengine wanakipokea, nao wanakirusha tena. Kila mrusho huzaa nakala nyingine iliyo mbali zaidi na mwenyewe. Kutunga pamoja, yaani kitu kimoja kikue mikononi mwa watu wengi bila kupoteza asili yake wala majina ya waliokigusa, hakumo katika usanifu huo, au kumo kwa kubahatisha. Nasi watu wa mashairi, tulio na adabu kongwe kabisa ya kufanya jambo hilo, tumeipokea hali hii kama mtu apokeavyo mvua.

Sababu ya kulileta suala hili hapa ni kwamba vijana wawili wa Kibaha, mmoja wao niliyemfundisha, wanatengeneza programu ya simu ya kukusanya na kutunga mashairi, nyimbo na masimulizi baina ya Kibaha na Kisarawe. Walinijia nyumbani na kazi yao ikiwa bado mbichi, wakaniomba niikosoe. Wilaya hizi mbili zinapakana, lakini kwa miguu ya kawaida ya msafiri haziko karibu. Ipo njia ya Mlandizi kwenda Maneromango. Hata hivyo wengi wetu tukitaka kufika Kisarawe mjini huingia kwanza Dar es Salaam, tukatokea Pugu. Malenga wa Kibaha na malenga wa Kisarawe huonana kwenye misiba na harusi. Simu ndiyo baraza lililobaki, kwa hiyo namna baraza hilo lilivyojengwa ni jambo la kuulizwa.

Kazi ya vijana ilikuwa safi kwa macho. Rangi zilipendeza, maandishi yalisomeka, kurekodi kulikuwa kwepesi. Lakini kila mtu alipaswa kujiandikisha kwa namba yake ya simu, namba moja mtu mmoja. Chini ya kila shairi palikuwa na moyo wa kubonyeza na hesabu ya mioyo. Na pembeni, kama nilivyotarajia, palikuwa na kitufe cha "Shiriki". Niliwaambia kwamba wamejenga jukwaa zuri la waimbaji wa pekee, wakalipa jina la kikundi.

Mfano bora ninaoujua wa usanifu wa aina nyingine haukutoka mbali. Ulianzia katika mkoa wetu huu wa Pwani, wilayani Bagamoyo, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa kilimo cha Chambezi. Mwaka 2011 wakulima wapatao kumi, wanawake kwa wanaume, walianza kutumia simu janja kupiga picha mashambani na kurekodi sauti zao wakieleza wanachokiona. Picha na sauti zilikwenda kwenye ukurasa wa mtandao, zikiwa na alama ya mahali zilipochukuliwa. Mradi huo uliitwa Sauti ya Wakulima. Programu yake aliitengeneza Eugenio Tisselli wa Mexico, akifanya kazi pamoja na watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Uswisi iliyoko Zurich na wataalamu wa hapa nchini.

Simu zilikuwa mbili tu. Hilo ndilo ninalotaka wasomaji walitulizie macho. Watu kumi, simu mbili, na kila Jumatatu mkutano kituoni Chambezi. Walifungua kompyuta mpakato, wakatazama picha na kusikiliza sauti zilizotumwa wiki iliyopita, wakazijadili, kisha simu zikakabidhiwa kwa wengine ambao zamu yao ilikuwa imefika. Mtu aliyekabidhiwa simu alijua kwamba anachokirekodi kitasikilizwa mbele ya wenzake, naye akiwepo. Alijua pia kwamba wiki ijayo simu haitakuwa yake. Kusudi la mwanzo lilikuwa kurekodi mabadiliko ya hali ya hewa na athari zake kwa mazao. Wakulima hawakukomea hapo. Walianza kuwahoji wakulima wengine: umepandaje, dawa hii umeichanganyaje, mbegu umeitoa wapi. Kifaa kilichokusudiwa kuwa jicho la utafiti wakakifanya mdomo wa kuuliza na sikio la kujifunza.

Jambo jingine malenga wenzangu watapenda kulijua. Huyo Tisselli ni mshairi. Kabla ya Chambezi alijulikana kwa mashairi yanayotungwa kwa msaada wa kompyuta, hata akaunda programu aliyoiita MIDIPoet. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2011 alitoa makala akitangaza kwamba ameacha kutunga fasihi ya aina hiyo, akiwataka wenzake wafikiri juu ya madhara ambayo mitambo wanayoichezea inayaleta kwa watu na kwa mazingira. Programu aliyoiendeleza kwa kazi hizi za vijijini inaitwa ojoVoz, maneno mawili ya Kihispania yaliyounganishwa: jicho na sauti. Mshairi aliyeacha kuiagiza mashine itunge akaenda kuwatengenezea wakulima mashine ya kusema. Sisemi sote tumfuate. Nasema ni ajabu kwamba washairi wa Pwani hatumtaji, na kazi ilifanyika mlangoni petu.

Tisselli naye hakuanzia hewani. Aliwahi kuwa mtengeneza programu wa kazi za Antoni Abad, msanii wa Hispania, ambaye mwaka 2004 aliwapa simu madereva wa teksi wa jiji la Mexico wasimulie jiji lao wenyewe, na mwaka 2007 akafanya vivyo hivyo na vijana wa pikipiki wa São Paulo, watu wanaofanana na bodaboda wetu kwa kazi na kwa kusemwa vibaya.

Kijana mmoja alinijibu haraka: "Mwalimu, simu mbili kwa watu kumi ulikuwa ni uhaba. Leo kila mtu ana yake." Sikubaliani naye mara mbili. Kwanza, si kila mtu ana yake. Kisarawe ndani huko, nyumba moja inaweza kuwa na simu janja moja, nayo ni ya kijana anayefanya kazi Dar es Salaam na hurudi mwisho wa mwezi. Bibi ana kitochi chake cha kupokea pesa na salamu. Mwenye simu janja huenda hana bando, mwenye bando hana chaji. Programu inayodai namba moja mtu mmoja imekwisha kumfungia nje bibi huyo kabla hajafungua kinywa, naye ndiye mwenye nyimbo. Pili, uhaba wa Chambezi ulizaa kitu ambacho wingi wetu haujakizaa. Ulizaa zamu.

Sisi walimu tunaijua zamu. Kila shule ya nchi hii ina mwalimu wa zamu na kitabu cha zamu. Kwa wiki moja kengele, usafi, utoro na ugomvi wa bwenini ni vyako. Ijumaa unaandika ripoti, unamkabidhi mwenzako, naye anaanza kwa kusoma ulichokiandika. Sijaona chombo cha kushirikiana kilicho rahisi kuliko kitabu kile. Hakuna anayekimiliki, na hakuna ukurasa usio na mwenyewe. Katika makundi sogozi ya mashairi niliyomo, hali ni kinyume: wote tuna haki ya kusema wakati wote, basi wanne wanasema na arobaini wananyamaza. Shairi linawekwa saa mbili asubuhi; kufikia adhuhuri limezikwa chini ya salamu za Ijumaa, matangazo ya vikoba na video ya mbuzi anayecheza. Hata mimi nimeitazama ile video. Lakini shairi halikujibiwa.

Nami naamini tunajua jinsi linavyopaswa kujibiwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa watunzi wa pande zote za nchi uwanja wa kuulizana na kujibizana, jina likichapwa pamoja na shairi. Chama cha UKUTA na Mathias Mnyampala walizipeleka ngonjera mashuleni, ambako utungo mmoja hubebwa na vinywa vingi. Lakini mbele ya hayo yote imo takhmisi, na hapa ndipo ninapotaka vijana wangu watulie kidogo.

Takhmisi, kama jina lake lilivyo, ni kukifanya kitu kiwe tano. Mtunzi huchukua ubeti wa mwenzake wenye mishororo miwili, akautangulizia mishororo mitatu ya kwake, ukawa ubeti wa mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, tunayemfahamu zaidi kwa Al-Inkishafi, aliyafanyia hivyo mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, nayo yakaitwa Takhmisi ya Liyongo. Tazameni adabu iliyomo. Mishororo ya asili haiguswi, haifupishwi, wala haihamishwi kutoka mahali pake pa heshima mwishoni mwa ubeti. Anayeongeza analazimika kuuingia mlango wa vina vilivyokwisha kuwekwa na mwenzake. Msomaji anaona wazi wapi pa huyu na wapi pa yule. Na wote wawili wanatajwa. Karne nyingi zimewatenganisha, lakini shairi ni lao wote.

Ili nisiwaache vijana na nadharia tupu, niliwatungia mfano papo hapo. Tuseme mtunzi wa Kisarawe ameleta mishororo miwili kuhusu shamba lake:

Vuli imetoka kapa, mihogo imesinyaa,
Shambani tunaogopa, hodi inabisha njaa.

Mwenzake wa Kibaha, badala ya kubonyeza moyo au kuurusha ubeti huo kwenye makundi matano, anaukhamisi:

Sauti yafika hapa, Kibaha nimeduwaa,
Nami jembe nimetupa, udongo umechakaa,
Mawingu yalitulipa, ahadi za kuhadaa,
Vuli imetoka kapa, mihogo imesinyaa,
Shambani tunaogopa, hodi inabisha njaa.

Si ubeti wa kuingia diwanini, nao mabingwa wataona palipokazwa kwa ajili ya vina. Lakini chombo kinachotakiwa kimekwisha kuelezwa chote ndani yake. Mishororo ya asili imekaa ilipokuwa. Nyongeza imeonekana. Majina mawili, mahali pawili. Programu ya simu inaweza kulinda masharti hayo kwa urahisi kuliko karatasi: ya asili ikifungwa isiandikwe juu yake, nyongeza ikikaa mahali pake, na jina la kila mmoja likishikamana na sauti yake popote itakapokwenda. Yawezekana pia kwa picha. Mkulima wa Soga akipiga picha ya mti wa korosho uliokauka na kueleza kwa sauti, wa Maneromango aweze kuitanguliza picha ya mti wake na maelezo yake, bila kuigusa ile ya kwanza. Kukhamisi picha, kwa nini isiwezekane?

Umuhimu wa jina nitaueleza kwa jambo lililotokea katika mzunguko wetu. Bibi mmoja wa vijijini Kisarawe aliimba wimbo wa beti kumi na mbili alioupokea kwa shangazi yake. Mjukuu akaurekodi vizuri, akautia katika kundi letu pamoja na jina la bibi na la shangazi. Haikupita wiki, wimbo uliturudia kutoka kundi jingine kabisa ukiwa na beti kumi, kina cha kati kimevunjwa mara tatu na mtu aliyedhani anasahihisha Kiswahili, na chini yake limeandikwa jina la mtu asiyejulikana na yeyote. Hakuna aliyekusudia wizi, naamini hivyo. Mmoja alinukuu maandishi bila sauti, mwingine alikata ili itoshe, wa tatu akaona haina mwenyewe. Chombo kiliwaruhusu wote. Mjukuu alipomsomea bibi kilichorudi, bibi aliuliza beti mbili zimekwenda wapi, na mmoja kati ya hizo ulikuwa ndio wenye jina la shangazi.

Katika desturi yetu mtunzi hujitaja mwishoni, katika ubeti wa tamati, na sasa tunaona sababu: alijua watu watakata. Hata hivyo, mtunzi si jina pekee linalopotea. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu na kumsaidia W. E. Taylor kuyaandika. William Hichens ndiye aliyeyachapisha huko Johannesburg mwaka 1940. Waulizeni wanafunzi wa leo: Muyaka wanamjua, na pengine Hichens kwa sababu jina lake limo kitabuni. Mwalimu Sikujua wanamjua wachache. Mkusanyaji, mwenye sikio na subira, naye ni sehemu ya kazi. Yule mjukuu wa Kisarawe ni Sikujua wa siku hizi, na programu isiyo na mahali pa kumwandika itampoteza vilevile.

Sheria yetu ina neno zuri hapa. Sheria ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakishiriki! Haki ya aliyeshiriki katika kuiwasilisha kazi ingawa si mtunzi wake: mwimbaji, mrekodi, mtangazaji. Huko kitenzi kimetumika kwa usahihi ambao watengeneza simu wameukosa. Sheria hiyo inazigusa pia sanaa za jadi, zile ambazo mtunzi wake ni jamii. Sidhani kama bibi atakwenda mahakamani kwa ajili ya beti mbili. Nasema tu kwamba waliotunga sheria walikwisha kuona kwamba kazi moja inaweza kuwa na wenyewe wa daraja mbalimbali, jambo ambalo kitufe hakijaliona.

Lipo suala moja zito zaidi, nalo nilililazimisha mezani ingawa vijana waliinamisha nyuso. Si kila wimbo unatakiwa kusikika na kila sikio. Wazaramo na jirani zao wana nyimbo za kumfunda mwali, zinazoimbwa ndani, kwa waliokwisha kuingia ndani. Simu imekwisha kuingia huko. Nimeletewa mimi mwenyewe, bila kuomba, kipande cha nyimbo hizo, kimerekodiwa na mtu aliyekuwamo, kikatoka kwa mmoja, kikawa cha wote, vijana wakikicheka njiani. Wapo wanaosema kuhifadhi ni lazima, la sivyo wazee watakufa navyo. Nami nimekuwa nikihimiza kuhifadhi maisha yangu yote. Lakini wimbo ulioondolewa mlango wake haukuhifadhiwa. Umegeuzwa kitu kingine, na wenyewe wamevunjiwa heshima wakiwa hai. Chombo chetu kiwe na mlango. Anayeimba aulizwe kwa sauti, naye ajibu kwa sauti, jibu lake likae pamoja na wimbo: wasikilize nani? Wa nyumba hii? Wanawake tu? Wote? Na akibadili nia mwaka ujao, mlango ufungike. Katika Chambezi kila kitu kilikwenda hadharani, na kwa kilimo lilikuwa jambo jema. Kwa nyimbo halifai.

Mengine niliyaeleza kwa haraka, kwa kuwa ni ya ufundi nao wanaujua kuliko mimi. Sauti itangulie, maandishi yafuate. Asiyeandika asikae nyuma ya anayeandika. Kurekodi kufanyike hata pasipo na mtandao, kisha kifaa kitume chenyewe kinapofika penye mnara. Majina mengi yaweze kukaa ndani ya simu moja, kila mmoja akijitambulisha kwa sauti yake au picha yake, si kwa namba. Hesabu ya mioyo iondolewe. Hilo la mwisho lilileta ubishi mkubwa kuliko yote, na sikushinda kwa hoja, nilishinda kwa umri.

Wapi vitu hivi vitakaa? Hapa nina wivu wa mji wangu. Kibaha imekuwa na Shirika la Elimu tangu ule mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, uliokabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Wazo lake lilikuwa kuweka shule, afya na mafunzo ya wakulima katika kiwanja kimoja, ili anayejifunza, anayetibiwa na anayelima wakutane. Rekodi za sauti za wazee wa Kisarawe na Kibaha zingestahili kuwa na nakala katika mkoa huu, mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa daladala na kuomba kusikiliza, badala ya kutegemea tu mashine iliyoko nchi ambayo hatujui ni ipi, inayolipiwa na mtu ambaye hatujui atachoka lini. Vijana walisema gharama yake si kubwa kama nilivyodhani. Tatizo ni nani atakuwa na funguo, na swali hilo si la ufundi.

Tumeafikiana kujaribu kwa simu mbili, moja Mlandizi na nyingine Maneromango, watu wanane kila upande, na mkutano wa kusikiliza pamoja kwa kila kijiji kabla simu haijabadili mikono. Vijana wanataka zamu iwe siku tatu ili kazi iende mbio. Mimi nimeng'ang'ania siku saba, kwa kuwa mtu hawezi kutunga mishororo mitatu yenye vina vya mwenzake huku akipalilia, akauza mkaa na kuuguza mtoto ndani ya siku tatu. Kwa sasa tumekaa kwenye tano, idadi ambayo ama ni suluhu ama ni takhmisi.

Kimebaki kitufe. "Shiriki" limekufa kwa kura zote tatu. Vijana wanapendekeza "Ongeza", neno ambalo kwangu linanuka vocha. Nilipendekeza "Khamisi", wakacheka wakisema watu watadhani ni jina la mwenye programu. "Tia ubeti" linakaribia, ila halifai kwa picha. "Itikia" lina uzuri wa kwaya na wa ngoma, lakini anayeitikia hurudia, na sisi tunataka aongeze. Mwenye neno bora na alilete, pamoja na jina lake na mahali alipo.